Barua kwa mwanangu: fomu ile ijaze kwa ukweli

Mwanangu mpendwa,

Baba yako na wadogo zako hawajambo, wanakusalimu sana. Habari ya kazi uliyopata karibu na kambi ya jeshi ya Fort Meade imetufurahisha sote, hata kama bado inangoja kibali cha usalama, kile cha kuruhusiwa kuona siri za serikali. Lakini tangu tuzungumze kwenye simu sina raha. Unasema rafiki yako amekushauri usiiandike ile kesi ya chuoni kwa sababu ilifutwa, na bangi usiitaje kwa sababu jimbo la Maryland limeiruhusu. Usimsikilize, babangu. Ushauri huo utakupotezea kazi ambayo bado unaweza kuipata.

Fomu ya kuombea kibali hicho, SF-86, ina kurasa zaidi ya 100. Mambo mengi inayauliza ya miaka 7 iliyopita tu. Ikifika kwenye mashtaka ya pombe na dawa za kulevya haiweki kikomo: inauliza kama umewahi kushtakiwa, lini iwayo. Wewe ulikamatwa ukiendesha gari umelewa, ukashtakiwa. Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Kesi kufutwa, hata kumbukumbu kufungwa, hakukuondolei wajibu wa kuitaja. Fomu yenyewe inasema hivyo, na mambo inayoyasamehe ni machache mno, la kwako halimo. Wapelelezi wa DCSA, shirika la serikali linalochunguza waombaji, watapekua rekodi za polisi na mahakama, kisha watawauliza majirani na mabosi wako wa zamani. Watakuja na kwako, wakuulize uso kwa uso.

Na kesi ile peke yake si mwisho wako. Nimeusoma mwongozo wanaoutumia kuamua, SEAD 4, ulioanza kufanya kazi Juni 2017. Una vigezo 13, pombe ina chake, dawa za kulevya zina chake, uhalifu nao chake. Kukamatwa mara moja kwa ulevi kunatosha kuwatia wasiwasi, hata kama wewe si mlevi. Ila wanaangalia pia ulikuwa na umri gani, muda gani umepita, umerudia au hukurudia, na ulifanya nini baadaye. Wewe mahakama ilikutuma kwenye mafunzo ya pombe ukahudhuria mpaka mwisho. Hilo ni la kukusaidia, liandike bila aibu. Anayeumia ni yule aliyeambiwa akatibiwe akapuuza, au aliyetibiwa kisha akarudia chupa.

Kuficha ni habari nyingine kabisa. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu ni kigezo kinachojitegemea, na sheria ya shirikisho inaweza kukufunga hadi miaka 5. Wafikirie na wao wanaotoa kibali: siri unayoificha leo, mtu mwingine akiijua anaweza kukutishia nayo kesho ili umpe siri za serikali. Ukiisema mwenyewe, hana tena cha kukutishia nacho.

Sasa bangi. Maryland iliiruhusu kwa watu wa miaka 21 na zaidi kuanzia Julai 1, 2023, ni kweli. Lakini kibali hiki hakitoki Annapolis, kwa serikali ya jimbo. Kinatolewa na serikali ya shirikisho, na kwao kuvuta kwa starehe bado ni haramu. Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza kumpa kibali mtu anayeendelea kutumia dawa zilizokatazwa. Ya zamani hayakufungii mlango: Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa mkuu wa idara za ujasusi, aliandika kwamba matumizi ya bangi ya nyuma yazingatiwe ila yasiwe ndiyo yanayoamua peke yake, na kwamba waombaji waache kabisa wanapoanza kuchunguzwa. Kwako uchunguzi unaanza pale utakapotia saini fomu hii, nawe usiingoje siku hiyo. Basi hata zile peremende za bangi za dukani, zisiingie mdomoni mwako. Unaweza pia kutia saini tamko kwamba hutatumia tena na kwamba ukirudia unyang'anywe kibali, mwongozo unalitambua. Wale wenzako mnaokutana nao Ijumaa, ninawajua na ninawapenda, lakini kaa nao mbali, maana hata hilo linaangaliwa. Na usiogope kuandika ulivuta lini: fomu inaahidi kwamba majibu ya kweli juu ya matumizi yako ya dawa hayatatumiwa kukushtaki.

Miraa nayo, kwa kuwa najua wajomba zako. Mombasa watakupa kwenye harusi, ni halali na hakuna anayeshangaa. Marekani cathinone, kemikali iliyomo ndani ya miraa, iko kundi moja la dawa zilizokatazwa na heroini. Mjomba akikukaribisha baraza, kunywa chai yako.

Jumatatu nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala ya uamuzi wa kesi. Cheti cha mafunzo kiko kwangu, kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya shule, nitakutumia picha yake leo jioni. Tarehe uziandike kama zilivyo kwenye karatasi, usikisie. Ukifika sehemu ya 22, ile ya mashtaka, nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako