Maji taka ya viwanda vya vinywaji: msilaumu membreni

Mhariri,

Wanaojadili kutumia tena maji taka ya viwanda vya soda na juisi hukimbilia kutaja membreni, yaani utando mwembamba unaochuja maji. Hiyo ni hatua ya mwisho, na membreni nyingi huharibiwa na uzembe wa mwanzo.

Maji hayo yamejaa sukari, na pH yake, kipimo cha asidi na alikali, haitulii: mashine ya kuosha chupa ikimwaga kostiki soda hupanda hata kupita 11, asidi ya kusafishia ikifuata hushuka. Bila tenki la kusawazisha, linalokoroga maji kwa saa kadhaa hadi pH ifike kati ya 6.5 na 7.5, bakteria wanaokula uchafu huo hudhoofu au hufa.

Kinachosahaulika zaidi ni lishe yao. Sukari haina naitrojeni wala fosforasi. Kwenye tenki la hewa, kila sehemu 100 za BOD (kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu) huhitaji takriban 5 za naitrojeni na 1 ya fosforasi, ndiyo maana huongezwa urea na asidi ya fosforiki. Zikipungua, bakteria wa nyuzi hutawala na tope la bakteria huvimba kama pamba. Jaza silinda ya lita moja maji ya tenki hilo, subiri dakika 30. Tope likibaki karibu na ukingo, usitafute mchawi.

Klorini nayo iondolewe kabla ya osmosisi kinyume, yaani kusukuma maji kwa shinikizo yapite kwenye membreni, kwani hula membreni za poliamaidi. Maji yaliyosafishwa yaende kwenye minara ya kupoza, boila na sakafu, kwa mabomba ya rangi yake, yasiyoungana popote na ya kinywaji.