Msaada wa fomu za mikopo usiwe biashara

Mhariri,

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za hapa Dodoma hufurika vijana waliomaliza kidato cha sita. Kulipia uchapaji na intaneti sina ubishi nako. Ninachopinga ni kijana kutozwa hela ya "utaalamu", kisha nywila yake ikabaki kwa mjazaji.

Mwongozo wa Bodi ya Mikopo unapatikana bure kwenye tovuti yake, na maofisa wake hujibu maswali bila malipo. Tatizo ni umbali: mtoto wa Mpwapwa au Bahi hawezi kupanda basi kuja mjini kila anapokwama.

Naomba halmashauri ziwatumie wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walioko likizo. Wao fomu hizi wameshazijaza. Wakae shuleni au ofisi za kata, waanze mapema na vyeti vya kuzaliwa, maana uhakiki wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndio huwachelewesha wengi, na yatima huhitaji pia cheti cha kifo cha mzazi. Kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF nazo zikumbushwe kutunza namba zao. Ni ushahidi mzuri wa uhitaji.

Mzazi,
Chang'ombe, Dodoma