Kidole cha Kambo

Lubumbashi

Mpendwa Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Unasema picha haihitaji mkalimani, eti mtu wa Tanga na mtu wa Brazili wakisimama mbele ya mchoro mmoja wataelewana. Shoga yangu, hapo nakukatalia.

Sebuleni kwa marehemu babu, huko mtaa wa Katuba, kumetundikwa mchoro wa Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji. Umechorwa juu ya gunia la unga. Ukiugeuza, maandishi ya gunia bado yanasomeka. Mfungwa kalazwa kifudifudi, askari kainua fimbo, mzungu anatazama. Pembeni kabisa yuko mama mmoja na sahani kichwani. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi hapa zilikuwa na mchoro kama huo. Tunauita ukumbusho. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye alichora hizo za kuuza mlango kwa mlango, kisha akachora historia ya Kongo nzima, michoro karibu 100.

Basi, wakati wa Biennale, yale maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili ambayo chama cha wasanii kiitwacho Picha kiliyaanzisha mwaka 2008 (na jina la chama lenyewe ni la Kiswahili chetu!), nilimpeleka msanii wa Brazili kwa kambo, yaani bibi yangu. Mgeni alisimama kimya, halafu akaonyesha fimbo. "Kwetu pia," akasema, nami nikatafsiri. Kambo akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka polepole, akaweka kidole juu ya yule mama wa pembeni, mahali rangi imefifia kwa kuguswaguswa.

"Huyu ni mama yangu. Alikuwa anampelekea baba chakula jela."

Mwanaidi, nimekulia chini ya mchoro ule. Sikuwahi kusikia habari hiyo, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Ameiuliza mgeni, tena bila kutamka swali.

Usiku nikawaza lukasa ya Waluba, kile kibao cha shanga. Mjuzi hupitisha kidole shanga kwa shanga akisimulia wafalme na safari zao. Mjuzi mwingine, kibao kilekile, huleta simulizi nyingine kulingana na waliokaa mbele yake. Asipokuwepo mwenye kidole, unabaki na ubao na shanga.

Msanii wa picha Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, aliwatoa wafanyakazi katika picha za zamani za kikoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya Gécamines, kampuni ya madini ya hapa. Kazi hizo zimefika mbali, Ulaya na Marekani. Nafurahi sana. Ila natamani kila zinapotundikwa pawe na kiti kimoja, na juu yake mzee wa Lubumbashi.

Nakutumia picha ya mchoro wetu kwa WhatsApp. Usimweleze mama yako chochote. Mpe simu mkononi, halafu uniandikie kidole chake kimetua wapi.

Wako akupendaye,
Mwamini