Nataka kuacha vyakula kwa majaribio, lakini nyumbani tunakula chungu kimoja

Ndugu mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nimeolewa, nina watoto wawili na tunaishi na mama mkwe. Nataka kuanza mlo wa kuacha baadhi ya vyakula kwa muda, kisha kuvirudisha kimoja kimoja ili nijue kipi kinanitesa. Ninachokosa ni namna ya kuuanza bila kumvunjia mtu heshima.

Tumbo linanisumbua tangu kabla sijamzaa mtoto wa kwanza. Linajaa gesi hadi ikifika mchana sketi inanibana. Kuna siku naharisha, halafu zinapita siku sipati choo kabisa. Kichwa nacho kinagonga, na uchovu hauishi hata nikilala mapema. Kila zahanati niliyokwenda niliambiwa ni vidonda vya tumbo, nikapewa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Baadaye nilipima choo nikakutwa na vijidudu vya H. pylori, nikameza dawa zake kwa siku 14, nikarudia kipimo, vimeisha. Kiungulia kikatulia, lakini gesi na kuharisha viko palepale.

Safari hii nimempata daktari aliyenisikiliza. Aliuliza kama napungua uzito, kama naona damu kwenye choo, akanipima wingi wa damu. Yote salama. Akanielekeza kwa afisa lishe, na huyo dada ndiye aliyenifungua macho. Alisema kuna sukari za asili kwenye maharage, ngano, vitunguu, vitunguu saumu na maziwa ambazo kwa watu wengine hazifyonzwi vizuri kwenye utumbo mwembamba. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, gesi inajaa na maji yanavutwa humo. Kwa hiyo niviache vyote kwa wiki mbili hadi sita, niangalie nafuu. Nikiiona, narudisha kimoja, kidogo kwanza kisha naongeza, kwa siku kama tatu, huku naandika kwenye daftari nilichokula na nilivyojisikia. Kikinisumbua nakitoa, nasubiri tumbo litulie, ndipo nijaribu kingine. Alisisitiza kwamba kazi yenyewe iko kwenye kurudisha.

Alinionya pia nisiache ngano kabla ya kupimwa damu kwa ajili ya ugonjwa wa siliaki, ambao protini ya ngano huufanya mwili uushambulie utumbo wake, maana aliyekwisha kuacha ngano anaweza kupata majibu safi na kumbe ugonjwa anao. Damu nimeshatoa, nasubiri majibu. Chapati bado nakula.

Sasa shida iko jikoni. Siku za kazi anayepika ni mama mkwe, na hakuna chungu chake kisichoanza na kitunguu. Anakikaanga taratibu mpaka kiwe rangi ya kahawia, anatia kitunguu saumu alichokitwanga mwenyewe, nyanya, mwisho tui. Mchuzi wa samaki ni hivyo, maharage ni hivyo, hata bamia. Niliposema kwamba nitaomba mboga yangu ichemshwe pembeni, alinyamaza. Usiku akamuuliza mume wangu kama chakula chake kimenichosha. Iliniuma sana. Huyu ndiye aliyenilea uzazi wote wawili, akinipikia uji wa pilipili manga na kunikanda kwa maji moto siku arobaini. Mume wangu yuko upande wangu, ila ushauri wake ni kwamba nile tu kidogo kidogo, nisimuudhi mama. Nikila kidogo kidogo, majaribio yamekufa siku hiyohiyo, kwa sababu sitajua nafuu imetoka wapi au maumivu yameletwa na nini.

Shuleni si afadhali. Mchana walimu tunakula makande. Asubuhi nilikuwa najiona salama na uji wa lishe, mpaka nilipouliza pale unaposagwa nikaambiwa ndani yake mna soya, karanga na ngano pamoja na mahindi na ulezi. Hata vidonge vya kiungo tunavyotia kwenye supu, ukisoma pakiti utakuta unga wa kitunguu. Katikati ya yote kuna harusi ya shemeji yangu, na mimi ni mmoja wa wenye shughuli.

Jambo moja linanitia hofu. Dada yangu aliambiwa na muuza virutubisho aache maziwa, mayai, samaki na nyama kwa pamoja. Hakuna aliyemwambia avirudishe lini. Amekonda, na hadi leo anaogopa yai. Sitaki kufika huko, na sitaki binti yangu aanze kuigiza sahani yangu akiwa bado anakua.

Naomba mnishauri. Je, nisubiri harusi ipite ndipo nianze, au nianze majibu ya damu yakitoka tu na siku ya shughuli nibebe chakula changu? Nikiondoa maharage, nimepanga kutegemea mayai, dagaa na samaki, pamoja na wali, ugali wa sembe na viazi mviringo. Je, inatosha kwa mwanamke anayesimama darasani kutwa, na kwa mshahara wa mwalimu? Mchuzi usio na kitunguu mnauungaje ukawa na ladha, ili hata mama akionja asione ni chakula cha mgonjwa? Mimi nawaza tangawizi, bizari, ndimu na majani mabichi ya kitunguu bila kile kichwa cheupe, ambayo afisa lishe aliniruhusu.

Zaidi ya yote, nawaomba mnaoishi na wakwe na mmeshaupitia mlo wa namna hii. Mlimwambiaje mama siku ya kwanza, na mlimwambia wenyewe au mlimtuma mume?

Mwalimu, Tanga