Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: Dozi ya nne ya chanjo ya malaria itangazwe sokoni

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka soko la Kibuye. Kazi yangu ni kupiga matangazo. Mwenye duka la vitanda akinipa kazi, au kanisa lenye mkutano wa injili, nafunga spika juu ya pikapu na kuzunguka Kondele, Manyatta, Nyalenda hadi Ahero nikirudia jambo lilelile mpaka watoto wa mtaa wanalikariri. Udaktari siujui na sikuandikii kuufundisha. Nakuandikia kwa sababu kaunti yetu ina bidhaa nzuri, tena ya bure, ambayo mtu wa kazi yangu akiitazama anaona inahitaji kutangazwa kuliko kitanda chochote: dozi ya nne ya chanjo ya malaria.

Haya unayajua kuliko mimi, lakini barua hii inasomwa na wengi, kwa hiyo nivumilie. Chanjo hii ilizinduliwa Kenya tarehe 13 Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, ikaanza kutolewa katika baadhi ya maeneo ya kaunti nane: Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Haikuwa bahati nasibu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda huu wa ziwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama asilimia 6. Na chanjo imeonyesha kazi yake. Katika Kenya, Ghana na Malawi, ilikoanzia, Shirika la Afya Duniani limeripoti vifo vya watoto wa umri unaohusika kupungua kwa asilimia 13.

Ilipoanza, ratiba yetu ilipangwa hivi: miezi 6, miezi 7, miezi 9, halafu miezi 24. Hebu itazame kama mwenye kuuza. Dozi tatu za mwanzo zinamkuta mama bado ana mazoea ya kliniki. Kwenye miezi 9 kuna chanjo ya surua, kwa hiyo angekuja tu. Miezi 18 kuna surua ya pili. Baada ya hapo mtoto anatembea, anakula ugali na omena, anamfukuza kuku uani, na hakuna mtu nyumbani anayemwona tena kama mtoto wa kliniki. Hapo ndipo tunataka arudishwe. Si ajabu kwamba katika nchi zote tatu waliorudi kwa dozi ya nne wamekuwa wachache kuliko waliopata ya kwanza.

Sasa tuje kwa bango la kutangaza dozi hii. Katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, nimeliona limebandikwa kando ya dirisha la dawa. Limeandikwa Kiingereza. Chini lina nembo za wafadhili, zimepangwa mstari mzima, na ukisimama mlangoni hizo ndizo unazoziona kwanza. Kona ya juu imefunikwa na tangazo la kitambulisho kilichopotea. Picha ni ya mama anayecheka, mtoto mchanga mikononi. Mchanga, Mheshimiwa, kwa dozi ya mtoto wa miaka miwili! Na hata lingekuwa zuri, limebandikwa mahali ambapo anayelisoma ameshafika. Yule tunayemtafuta hajafika, wala hana sababu ya kuja.

Yuko wapi? Mara nyingi hata si mama. Mtoto akiachishwa kunyonya, mama anarudi kutafuta riziki Nairobi au Nakuru, na mtoto anabaki Seme au Nyakach kwa nyanya. Kijitabu cha kliniki pengine kimebaki kwenye sanduku la mama huko mjini. Ujumbe wa simu, ambao najua watu wa miradi wanaupenda, unamfikia mama aliye mbali, au unaingia kwenye laini iliyotupwa zamani, au kwenye simu ya baba ambaye anaufuta pamoja na matangazo ya mikopo. Nyanya hana habari. Lakini nyanya ana redio, na jioni iko Ramogi au Mayienga, inasema Kijaluo, na vifo vikitangazwa kila mtu ananyamaza asikie. Dakika chache kabla au baada ya hapo, kwa mtu wa matangazo, ni dhahabu. Nunua hizo. Usininunulie ukurasa mzima wa gazeti la Kiingereza ili wakubwa wa Nairobi waone kwamba tunafanya kazi.

Maneno yenyewe yawe machache. Sokoni mtu anakupa masikio kwa muda wa kuhesabu chenji. Ukimwambia kuhusu umuhimu wa kuzingatia ratiba kamili ya chanjo kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ameshaondoka. Mwambie: mtoto akitimiza miaka miwili, mrudishe kliniki, bado ana sindano moja ya malaria, ni bure, njoo na kijitabu, na kama kimepotea njoo hivyo hivyo. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Watu wengi wanaogopa kugombezwa na nesi kwa sababu ya kijitabu, na tangazo likiwaita, wahudumu nao waambiwe wasiwafukuze. Upande wa Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa, tumia Kiswahili, maana huko Wajaluo, Wakalenjin na Waluhya wanaishi pamoja. Seme na Nyakach tumia Kijaluo. Na mabodaboda wasisahauliwe. Baba ndiye mara nyingi anayetoa nauli, na baba utampata stejini.

Kuna jambo moja nitakaloshikilia hata ukinikatalia mengine. Tangazo lisidanganye. Chanjo hii haizuii malaria yote. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi saba za Afrika, yakiwemo ya hapa kwetu Kombewa na kule Siaya, yalionyesha kwamba kwa watoto waliopata dozi zote nne, visa kama vinne kati ya kumi vilizuiwa katika miaka minne. Kwa sehemu ambako mtoto anaweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka, hiyo ni afueni kubwa. Lakini mtangazaji akija na mbwembwe akasema chanjo inamaliza malaria, mtoto wa kwanza atakayechanjwa kisha apate homa atakuwa tangazo kinyume chetu, na hilo halilipiwi. Nimeshaona dawa ya kunguni ikikosa wanunuzi soko zima kwa ahadi ya namna hiyo. Kwa hiyo tuseme wazi: inapunguza, hasa ile malaria kali inayowalaza watoto wodini. Neti ibaki kitandani. Mtoto akipata homa apelekwe akapimwe, hata kama amechanjwa.

Ukweli huohuo ndio dawa ya uvumi. Wapo waliosema watoto wetu wanafanyiwa majaribio, na uvumi ulipata pa kushika: mwanzoni baadhi ya kaunti ndogo zilipewa chanjo na nyingine zikasubiri, ili ilinganishwe, hadi eneo lilipopanuliwa 2023. Mama wa upande mmoja wa mto akauliza kwa nini wa upande wa pili hapewi. Ni swali la haki, na haliwezi kujibiwa na wimbo wa sekunde thelathini. Lijibiwe na muuguzi anayejulikana, studioni, usiku, simu zikiwa wazi, hata wapigaji wakali. Unakumbuka 2020, Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa nchi wakati ule, alivyokuwa akisimama mbele ya kamera karibu kila alasiri kutoa hesabu ya corona. Wengine walimpinga, wengine walimwigiza kwa mzaha, lakini walimngoja. Kilichowangojesha ni mtu yuleyule na saa ileile, na sisi twaweza kuwa na wetu kila Jumanne, bila suti.

Kuhusu pesa, sitajifanya siujui mfuko wa serikali. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba tayari wapo. Wapewe sentensi zilezile za redioni, neno kwa neno, kwani mtu akisikia jambo moja kwa midomo miwili analiamini upesi. Wiki za Malezi Bora, zile za huduma za afya kwa mama na watoto, Mei na Novemba, nazo zipo, na mtoto wa miaka miwili anayeletwa kwa vitamini A na dawa ya minyoo anaweza kuulizwa dozi ya nne hapohapo. Jumapili Kibuye inajaa watu kutoka kila pembe. Meza moja, muuguzi mmoja na spika vinatosha.

Halafu pimeni. Kwenye daftari la chanjo ongezeni safu moja: umesikia wapi? Redio, soko, kanisani, matangani, mhudumu, jirani. Baada ya miezi mitatu mtaona nani anawaletea watu na nani anakula tu bajeti. Kama ni pikapu yangu isiyoleta mtu, nifuteni bila kuona haya. Wateja wangu wa vitanda hunifuta kwa chini ya hapo.

Mvua ndefu huanza Machi, na malaria hupanda nyuma yake. Ninachoomba ni kwamba matangazo yawe hewani Februari, na kwamba kabla ya kuchapisha bango lolote jipya, ofisi yako iketi siku moja na mama watano na nyanya watano wa Nyalenda na Nyakach, iwasomee maneno hayo, kisha iwaulize wameelewa wafanye nini. Wakijibu tofauti na mlivyokusudia, msichapishe.

Wako kwa heshima,
Mpiga matangazo wa Kibuye, Kisumu