Waambieni kina mama kilicho ndani ya chupa ya pili

Mhariri,

Naandika kuhusu chanjo ya malaria, hii RTS,S iliyoanza kutolewa huku magharibi mwa Kenya Septemba 2019. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii Siaya na kazi yangu kubwa ni kufuatilia watoto waliokosa dozi, na naomba niseme wazi wengi hawakosi kwa sababu mama ni mvivu. Mtoto alichomwa asubuhi, usiku akachemka, paja likavimba, halafu jirani akaja akasema si nilikwambia hiyo dawa ina sumu.

Na hii stori ya sumu haikutoka hewani. Chanjo hii inakuja na chupa mbili ndogo, moja ya unga na nyingine ya majimaji, nesi anavuta yale majimaji na sindano anaingiza kwenye unga anachanganya polepole, mama amekaa pale amempakata mtoto anaona kila kitu na hakuna mtu anamwambia lolote. Sasa wewe ungefikiria nini?

Ule unga una kipande cha protini ya kijidudu cha malaria. Majimaji ni kichocheo kinachoitwa AS01, na ndani yake mna vitu viwili: kimoja kimetolewa kwa ganda la bakteria wa jamii ya salmonela kikapunguzwa makali, kingine kinatoka kwa magome ya mti wa Chile, Quillaja, magome yanayotoa povu kama sabuni. Chanjo ile nyingine ya malaria, R21, iliyojaribiwa hadi Kilifi na Bagamoyo, nayo kichocheo chake kinatokana na mti huo huo.

Vitu hivi vimewekwa ili kuamsha seli za dendritiki, walinzi wa mwili. Hizi seli Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka wa 1973 kule New York, wengi hawakuamini kwa miaka mingi, lakini 2011 Steinman akapewa tuzo ya Nobel, na inauma kwamba alikuwa amefariki siku tatu tu kabla itangazwe. Seli zenyewe ziko kwenye ngozi na misuli zinapiga doria na kuokota kila kigeni. Protini peke yake haizishtui, zinaiokota zinaona haina hatari, kingamwili, zile protini za mwili za kupigana na ugonjwa, zinatoka kidogo mambo yanaisha. Zikikutana na kichocheo ndio zinajua kuna adui, basi zinatoka zinakimbilia kwenye tezi, zile ambazo zikivimba tunaita mitoki, huko zinazionyesha seli T, chembe za damu zinazoongoza kinga, kile kipande, na seli T zinazisukuma seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zizitoe kwa wingi. Hiyo kazi ndiyo inaleta uvimbe na joto.

Jambo hili si geni hata. Miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Ufaransa aliona farasi waliovimba pale walipochomwa ndio walitoa kinga nyingi, akaanza kuchanganya chanjo na vitu kama makombo ya mkate na wanga wa muhogo, na kinga ikapanda.

Lakini tusiwadanganye kina mama pia. Mtoto ambaye hakupata homa haimaanishi chanjo imekataa, na wapo wachache waliopata degedege ya homa ndani ya wiki moja, kwa hivyo homa ikipanda sana au mtoto akishtuka arudishwe hospitali haraka. Mama akiambiwa mapema hashtuki vile, asipoambiwa ndio anapotea, na dozi ya nne ndiyo inakoswa zaidi. Kwenye utafiti uliofanywa nchi saba za Afrika, watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kufuatiliwa kama miaka minne, waliopata dozi nne malaria ilipungua kwa asilimia 36, walioishia ya tatu ni 28.

Ombi langu ni hili. Wizara iwape manesi dakika mbili za kueleza, kwa Kidholuo au Kiswahili, kabla chupa hazijafunguliwa, na sisi wahudumu tupewe karatasi yenye picha tuende nayo nyumbani kwa watu. Na gazeti lako, Mhariri, mkiandika habari za chanjo msiishie kwa idadi ya dozi zilizofika uwanja wa ndege, andikeni pia kilichomo ndani.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Siaya