Premio ya maili laki tatu: tazameni rejeta kabla ya dashibodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu magari madogo ya familia yaliyotembea sana. Mnunuzi wa kwetu hufungua mlango, huwasha swichi, husoma namba ya maili, na hapo hapo bei imeshapanda au imeshashuka kichwani mwake. (Maili tunazitaja kwa mazoea tu, dashibodi ya Kijapani inasoma kilomita.) Boneti inafunguliwa baadaye, kwa heshima, kama mtu anayeaga. Mpangilio huo ndio unaowafanya watu wanunue kilomita 80,000 za kuchonga (namba iliyorudishwa nyuma) na kuliacha gari zuri la kilomita 300,000 likiozea uani.

Nichukue mfano wa gari linalojulikana na wengi: Toyota Premio ya umbo la kwanza, iliyotengenezwa kuanzia mwisho wa 2001 hadi 2007, pamoja na ndugu yake Allion ambayo tofauti yake kubwa ni sura. Injini zake ni tatu: 1NZ-FE ya cc 1,500, 1ZZ-FE ya cc 1,800, na 1AZ-FSE ya cc 2,000, ile ya D-4 inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Anayetaka gari la kudumu achukue ya kwanza. Ya pili inakubalika kwa masharti nitakayoyataja. Ya tatu inataka mafuta safi na fundi mwenye vifaa, na vyote viwili si vya kila mtaa.

Kwanza hiyo namba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Premio ya 2006 iliyoko Nairobi imeshatembea barabara za Kenya zaidi ya miaka 10, mbali na miaka yake ya Japani. Ukiambiwa ina kilomita 90,000, piga hesabu mwenyewe. Kwetu Tanzania magari makuukuu bado yanaingia, ila yanalipiwa ushuru wa uchakavu, na dashibodi ya namba za umeme haimpi shida anayetaka kuirudisha nyuma. Ushahidi hubaki mahali pengine. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango wa dereva, ikiwa na tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu yao ya Heisei: jumlisha 1988 upate wetu, yaani Heisei 17 ni 2005 na Heisei 22 ni 2010. Stika ikisema 112,000 na dashibodi ikasema 86,000, mazungumzo yameisha. Omba pia cheti cha kusafirishia gari nje cha Japani, kwa sababu huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Stika ikiwa imebanduliwa na cheti "kimepotea", tazama mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Hivyo havijui kudanganya.

Sasa tufungue boneti. Kinachoziua Premio hapa kwetu ni joto, na joto hilo huanzia kwenye ndoo. Bloku ya 1NZ ni ya alumini yenye silinda za chuma ndani. Mwenye gari anamwagia maji ya kisima, na sehemu nyingi za Dar es Salaam maji ya kisima yana chumvi. Chumvi inakula alumini, chuma kinatoa kutu, na tope la kutu linaziba mirija ya rejeta kuanzia chini. Watu hujitetea kwamba kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ni ya nchi za barafu. Kuzuia barafu ni kazi yake moja tu. Nyingine ni kuzuia kutu, kupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda sili ya pampu ya maji, na hizo zinahitajika Manzese kama zinavyohitajika Sapporo kwenye theluji ya Japani. Mfumo wote unameza lita 5 hadi 6. Kulanti ya pinki ya Toyota huja imeshachanganywa; hiyo usiiongezee maji. Ile nyekundu nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, na muuzaji aulizwe mara mbili, maana kwenye maduka yetu chupa ya asidi na chupa ya maji hukaa rafu moja.

Kubadilisha kwenyewe kufanywe injini ikiwa baridi kabisa. Fungua bomba la chini la rejeta na bolti ya kumwagia kwenye bloku. Suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha funga. Jaza polepole huku ukiminya mpira wa juu wa rejeta kwa mkono ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, weka hita kwenye joto la juu, ongeza kila kiwango kinaposhuka. Subiri mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha funga kifuniko na ujaze tangi la akiba hadi alama ya juu. Kesho yake asubuhi tazama tena, kwa sababu hewa iliyobaki hutoka usiku. Gari linalochemsha siku mbili baada ya kutoka gereji mara nyingi lina hewa ndani, wala gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na hedi) haina kosa.

Thamostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata moto, nayo ina kesi yake. Fundi akishindwa kujua kwa nini gari linachemsha, huitoa na kuitupa, na kweli wiki ile gari halichemshi. Injini sasa inafanya kazi ikiwa na ubaridi, kompyuta inadhani bado ni alfajiri na inaendelea kumwaga mafuta mengi, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachafuka mapema. Rejeta iliyoziba bado imeziba. Siku ya kupanda mlima Kitonga na watu watano na mizigo itasema. Thamostati ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ipime kwenye sufuria: itundike kwa uzi ndani ya maji, weka kipimajoto, pasha moto. Ikifika nyuzi 95 iwe imefunguka zaidi ya milimita 8. Ikifunguka kwa kusuasua, nunua nyingine. Kifuniko cha rejeta nacho kina springi inayochoka na mpira unaopasuka, na ni spea ya bei ndogo kuliko zote nilizotaja.

Mshale wa joto msiuamini sana. Umetengenezwa ukae katikati kwa muda mrefu, na ukianza kupanda joto limeshafika pabaya. Kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, kitakuonyesha nyuzi halisi. Kwenye foleni ya Kimara feni ikiwa nzima utaona namba ikipanda hadi karibu na 95, feni inawaka, inashuka. Ikipita 100 na kuendelea, zima injini. Hedi ya alumini ikishapinda, gharama ya kuiskimu (kuichonga inyooke) na kubadili gasketi ingenunua kulanti ya miaka mingi.

Kwenye oili makosa ni madogo ila yanajirudia. Injini za 1NZ na 1ZZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Galoni sokoni ni ya lita 4, na fundi huimimina yote kwa kuwa imeshanunuliwa. Oili iliyozidi ikifikiwa na kranki, shafti inayozunguka chini ya injini, inapigwa kuwa povu, na povu halilainishi kitu. Hiyo mililita 300 iliyobaki ichukuliwe nyumbani, ndiyo ya kuongezea. Ile washa (pete) ya bolti ya sampu, karai la oili chini ya injini, ibadilishwe kila mara, maana tone moja chini ya gari kwa usiku mmoja kwa kawaida linatoka hapo. Namba za uzito wa oili 5W-30 au 10W-30 ndizo zake. Injini iliyopita kilomita 250,000 inaweza kupewa 10W-40. Ile 20W-50 inayopendwa kwa magari yanayotoa moshi inaficha moshi kwa muda, lakini ni nzito kwa mfumo wa VVT-i (unaorekebisha muda wa valvu kufunguka) na kwa kikaza cheni, ambavyo vyote vinaendeshwa kwa presha ya oili. Cheni ya taimingi haina kilomita za kubadilishwa kama mkanda, ila oili chafu huirefusha. Dalili ni mlio kama wa sarafu kwenye kopo, sekunde mbili tatu, injini inapowashwa asubuhi. Badili oili kila kilomita 5,000 au miezi 6. Foleni inahesabika: saa moja ya kusimama injini ikinguruma haionekani kwenye dashibodi.

Sharti la 1ZZ ndilo hili. Pistoni za miaka yake ya mwanzo zina matundu madogo na machache ya kurudishia oili. Yakiziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda na injini inaanza kula oili bila kudondosha tone. Usimhukumu muuzaji kwa moshi peke yake, pima. Simamisha gari mahali tambarare, jaza hadi alama ya F (imejaa) kwenye kijiti cha oili, tembea kilomita 1,000, kisha rudisha kwenye F kwa chupa yenye vipimo. Toyota wenyewe katika vitabu vyao vya dereva wanavumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Kwa maoni yangu huo ni uvumilivu wa mwenye kiwanda. Ikifika nusu lita, anza kwa valvu ya kupumulia iliyo kwenye kifuniko cha juu cha injini: itoe, itikise, ikikosa kulia kata-kata imeganda, nunua mpya. Oili ikiendelea kupotea, dawa ni kufungua injini na kuweka pistoni na ringi za toleo la baadaye. Kuiacha hivyo hivyo kunaunguza masega ya eksozi (yanayosafisha moshi), na siku utakayosahau kupima, inaunguza beringi za kranki.

Kuhusu injini kukosa, yaani silinda kutowaka sawasawa, watu hununua koili nne za kuwashia plagi mara moja. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya tatu. Kama kosa kwenye kile kifaa cha kusomea kompyuta lilikuwa P0301 (silinda ya kwanza) na sasa linasoma P0303, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, tazama plagi na nozeli ya kupulizia mafuta. Plagi za kawaida za injini hizi huachwa pengo la milimita 1.1, na za bandia zimejaa, kwa hiyo tazama maandishi kwenye kauri: ya bandia hufutika kwa kucha.

Gia. Mafundi huita oili ya gia ya otomatiki "haidroliki" na wengi wana pipa moja kwa magari yote. Premio ya cc 1,500 na ya cc 1,800 zina gia nne na zinataka oili ya Toyota T-IV. Ya cc 2,000 ina CVT, gia isiyo na ngazi, ina oili yake peke yake. Ukiimwagia T-IV mkanda wake wa chuma utateleza na gia imekwenda. Kwa gia iliyotembea sana bila kubadilishwa oili, usikubali kusafishwa kwa mashine ya presha. Mwaga kwa bolti, zitatoka lita 3 hivi, pima kilichotoka na urudishe kiasi hicho hicho. Rudia mara tatu, kila baada ya kilomita 1,000. Kipimo husomwa gari likiwa limepata moto, injini inanguruma, baada ya kupitisha mkono P hadi L na kurudi P. Oili yenye harufu ya kuungua na vumbi jeusi inamaanisha sahani za ndani zimeshakwisha. Hapo hata oili ya dhahabu haisaidii. Kwenye mlima mrefu zima O/D (gia ya juu kabisa) kwa kitufe cha kwenye mkono wa gia, ili gia isipande na kushuka kila dakika ikijichemsha.

Chini ya gari sina mengi. Linki za stabilaiza na bushi za mbele ni za kubadilisha mara kwa mara kwa barabara zetu, na hazisemi lolote kuhusu afya ya gari. Gari likitetemeka ukiwa D umekanyaga breki, na mtetemo ukapungua ukiweka N, anza na mauntingi za injini. Pedi moja ya breki ikiisha kabla ya mwenzake gurudumu hilo hilo, pini za kalipa zimeganda: zisafishe, zipake grisi ya breki, usiuziwe kalipa. Na tangi lisishushwe kila siku hadi taa ya njano. Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta hayo hayo.

Kipimo cha mwisho kabla ya kutoa pesa ni kompreshani, yaani presha ambayo kila silinda inakandamiza, na fundi yeyote mwenye geji hukifanya kwa nusu saa. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, plagi zote nne zitolewe, soketi za nozeli zichomolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini. Kwa 1NZ kiwango cha chini kinachokubalika ni psi 156 hivi, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Premio ya kilomita 310,000 inayosoma namba hizo, yenye kulanti safi kwenye rejeta, ni bora kuliko ya 80,000 yenye maji ya rangi ya chai. Ikisoma chini ya hapo silinda mbili za jirani, shuku gasketi ya hedi. Ikiwa chini zote nne, punguza kwenye bei gharama ya injini nyingine. Na ukikuta kutu imetoboa chuma pale shokapu za mbele zinaposhikia bodi, ugonjwa wa magari mengi yaliyolala miaka karibu na bahari, usijisumbue hata kupima injini.

Fundi injini,
Tabata, Dar es Salaam